Usukani uliolika haukazwi

Katika gereji nyingi humu nchini, ziwe zile za barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au zile za chini ya mwembe kando ya soko la mashambani, kuna kitenzi kimoja kinachotawala kila mazungumzo kuhusu usukani wa pikapu kuukuu. Kitenzi hicho ni kukaza. Mwenye gari hufika akasema usukani umelegea. Fundi humjibu kwamba huo ni mchezo wa dakika tano, ataukaza. Boneti hufunguliwa, spana hutolewa, skrubu iliyo juu ya boksi la usukani huzungushwa nusu mzunguko, na mwenye gari huondoka akiamini kuwa maradhi yametibiwa. Baada ya wiki tatu hurudi na lalamiko lile lile, na skrubu ile ile huzungushwa tena.

Huenda msomaji akashangaa kwamba mwalimu wa isimu anatia mkono katika mambo ya grisi na spana. Nami nina sababu mbili. Kwanza, kama watu wengi wa tabaka langu, pikapu niliyo nayo ni kuukuu, na mtu mwenye gari la namna hiyo hulazimika kuwa mwanafunzi wa fundi wake apende asipende. Pili, na hili ndilo kubwa, nimeshawishika kwamba hatari inayotokana na usukani mbovu huanzia katika maneno kabla ya kufika katika chuma. Mwenye gari akieleza ugonjwa kwa neno lisilofaa, hupewa dawa isiyofaa, na dawa yenyewe barabarani huweza kuua.

Pikapu kuukuu si jambo dogo katika uchumi wetu. Ni kweli kwamba kanuni ya Shirika la Viwango ijulikanayo kama KS 1515 ya mwaka 2000 hairuhusu kuingizwa nchini kwa magari yaliyopitisha umri wa miaka minane. Lakini kanuni hiyo haiyagusi magari yaliyokwisha kuwamo nchini, na miongoni mwa hayo ni Toyota Hilux, Isuzu na Peugeot 504 zilizounganishwa hapa hapa Kenya katika miaka ya 1980 na 1990. Magari hayo ndiyo yanayobeba maziwa alfajiri, kabichi na viazi adhuhuri, na jeneza siku ya Jumamosi. Mengi yameshapita kilomita ambazo hata kidude cha kuzihesabia kimechoka kuzionyesha.

Tuanze na njia inayopitia nguvu ya mkono wa dereva hadi ikafika kwenye tairi. Usukani umeshikwa na mhimili mrefu unaoshuka hadi chumba cha injini. Mwishoni mwa mhimili pana kiungo, aghalabu chenye mpira au msalaba mdogo wa chuma, kinachouunganisha na boksi. Boksi limefungwa kwa bolti kwenye chasisi. Chini ya boksi hutokea mkono wa chuma unaokwenda huku na huku, na mkono huo husukuma ufito mrefu unaokatiza chini ya injini hadi upande wa pili, ambako hushikiliwa na mkono mwenzake ambao hausukumi chochote. Kazi yake ni kuufuata ule wa kwanza na kuuweka ufito sawa. Kutoka kwenye ufito huo hutoka tairodi, kushoto na kulia, zenye vichwa vya mviringo vinavyocheza ndani ya vikombe vyake. Tairodi hushika magurudumu, na magurudumu yenyewe yamening'inizwa kwa boljointi za juu na chini na kuzungukia beringi zake.

Hesabu viungo hivyo. Hata kabla ya kufika kwenye beringi vimepita kumi. Kila kimoja kikiwa na uwazi mdogo tu, unene wa ukucha, uwazi huo hujumlishwa, na mwisho wake hudhihirika mkononi mwa dereva kama usukani unaozunguka bila gari kugeuka. Boksi ni kiungo kimoja miongoni mwa hivyo. Nalo, kwa kuwa ni chuma kinachooga katika oili na kufunikwa kisipate vumbi, kwa kawaida ni miongoni mwa vinavyochelewa sana kuchakaa. Vinavyotangulia ni vile vilivyo chini, wazi kwa matope na changarawe, ambavyo havijapigwa grisi tangu mwenye gari wa kwanza alipoliuza. Basi kwa nini mkono wa fundi hukimbilia boksi? Kwa sababu boksi lina skrubu, na skrubu inakazika. Tairodi iliyolika haina pa kukaza.

Hapa ndipo isimu inapoingia. Kiswahili hutenganisha waziwazi mambo mawili ambayo mazungumzo ya gereji huyachanganya. Kuna kulegea na kuna kulika. Kilicholegea kilikuwa kimekazwa, na aghalabu chaweza kukazwa tena: kamba ya mzigo, mkanda wa suruali, nati ya gurudumu. Kilicholika kimepungua chenyewe kwa kutumika. Soli ya kiatu hulika, jiwe la kusagia hulika, meno ya ng'ombe mzee hulika. Sijapata kumsikia mtu akimwambia fundi wa viatu amkazie soli iliyolika. Lakini kila siku tunawaambia mafundi wa magari watukazie boljointi, kwa kuwa tumezoea kusema kwamba usukani umelegea, na kitenzi hicho chenyewe hubeba maagizo ya matibabu ndani yake. Asemaye kitu kimelegea ameshaomba kikazwe.

Nisieleweke vibaya kwamba skrubu ya boksi haina kazi. Inayo, na ni vyema tuijue. Ndani ya boksi la pikapu nyingi za Kijapani za enzi hizo mna parafujo nene inayozungushwa na mhimili wa usukani. Parafujo hiyo imevishwa nati kubwa, na baina yake na nati mna gololi zinazobingirika katika mifereji ili chuma kisisage chuma. Nati ina meno ubavuni. Meno hayo huumana na meno ya shafti nyingine iliyokingamana nayo, na shafti hiyo ndiyo ishikayo ule mkono wa chini. Skrubu ya juu huisogeza shafti ili meno yake yaingie zaidi katika meno ya nati. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Haifiki kwenye tairodi, haifiki kwenye boljointi, wala haina habari na beringi za gurudumu.

Na hata ndani ya boksi lenyewe skrubu hiyo ina mipaka. Waliolibuni waliyachonga meno yabanane zaidi pale katikati, yaani wakati magurudumu yanapotazama mbele, kwa kuwa hapo ndipo dereva anapohitaji uthabiti. Lakini hapo hapo ndipo gari linapotumia sehemu kubwa ya maisha yake, maana barabara nyingi zimenyooka zaidi ya zilivyopinda. Kwa hiyo meno ya katikati hulika mapema, na ya pembeni hubaki mazima. Fundi akikaza hadi uwazi wa katikati uishe kabisa, yale ya pembeni hubanana kupita kiasi. Dereva akikata kona, usukani huwa mzito, na akiuachilia haurudi wenyewe. Kwa kawaida magurudumu ya mbele yamepangwa kwa mwelekeo unaoyafanya yapende kurejea katikati gari linapotembea. Boksi lililobanwa huyanyima uhuru huo.

Nimelishuhudia jambo hilo kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilipanda pikapu ya binamu yangu kutoka Engineer, kule Kinangop, tukiteremka kuelekea Naivasha na magunia ya viazi nyuma. Siku mbili kabla ya safari gari lilikuwa limepitishwa katika gereji moja, ambayo sina haja ya kuitaja, likakazwa. Binamu yangu alifurahi kwamba plei imekwisha. Tulipofika kwenye kona za mteremko nilimwona akizungusha usukani kwa nguvu za mabega, kisha baada ya kila kona akiurudisha kwa mikono kama mtu anayefunga bomba la maji lenye kutu. Kona ya tatu hatukuirudi vizuri. Gurudumu la kushoto lilishuka kwenye ukingo wa lami, na lori lililokuwa likipanda likatupigia honi ndefu. Hakuna aliyeumia.

Mjini Naivasha tulimkuta fundi wa makamo, mtu wa maneno machache.

"Fundi, kaza tena kidogo tu tufike sokoni," binamu yangu akamwambia, "bado inayumba."

"Nikaze nini, kijana wangu? Aliyekaza amekaza hadi mwisho. Ngoja kwanza nione kilichoisha."

Akalala chini ya gari, akaniomba mimi niketi kwenye kiti cha dereva nitikise usukani polepole, kushoto na kulia, gari likiwa limesimama kwa uzito wake wote juu ya magurudumu na injini imezimwa. Haikupita dakika moja. Aliniita nishuke nikatazame, binamu yangu akashika usukani badala yangu. Ule mkono wa upande wa pili, uliokusudiwa kufuata tu, ulikuwa ukipanda na kushuka kama mpini wa pampu kila usukani ulipotikiswa. Bushi yake ilikuwa imekwisha kabisa. Boksi halikuwa na hatia yoyote. Jambo la kwanza alilofanya yule fundi, kabla hata ya kutuma bushi mpya, ni kuirudisha ile skrubu pale ilipokuwa.

Neno alilotumia fundi huyo, kilichoisha, ni ndugu wa kilicholika, na lilimwelekeza mahali pa kutafuta. Ndiyo maana nasema kwamba vitenzi vya Kiswahili, vikitumiwa kwa uangalifu, ni nusu ya uchunguzi. Chukua kitenzi kucheza. Wengi wetu hudhani kwamba neno plei la gereji limekopwa kwa kuwa hatukuwa na letu. Sivyo. Mswahili husema jino linacheza, kisu kinacheza katika mpini, mguu wa meza unacheza. Maana yake ni kwamba kitu kimeshikwa lakini hakikushikwa barabara. Basi usukani ukizunguka kidogo kabla magurudumu hayajaitikia, usukani unacheza, na sababu itafutwe katika viungo baina ya mkono na tairi.

Lakini gari likienda mrama ni jambo jingine. Mrama ni neno la baharini, ni ule mwendo wa chombo kinachoinamia huku na huku, na wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Pikapu nayo yaweza kwenda mrama hali usukani wake hauchezi hata kidogo. Sababu mara nyingi iko nyuma, mahali ambapo hakuna anayetazama: bushi za springi za nyuma zimekwisha, au bolti zinazoifunga ekseli kwenye springi zimelegea (hizo kweli hukazwa), na ekseli nzima husogea ikaligeuza gari kutoka mkiani. Wakati mwingine ni mzigo. Mtu hupakia magunia yote nyuma ya ekseli, pua ya gari ikainuka, na magurudumu ya mbele yakakosa uzito wa kuyashikiza barabarani. Hakuna fundi duniani awezaye kutibu hilo kwa spana.

Gari likivuta upande mmoja, hilo nalo si kulegea. Tazama upepo wa tairi, tazama kama breki ya gurudumu moja imeshika, ndipo upelekwe mpangilio wa magurudumu kupimwa. Usukani ukitetemeka kwa mwendo fulani tu, tuseme baina ya kilomita 80 na 90 kwa saa, kisha ukatulia, shuku rimu iliyopinda au gurudumu lisilo na mizani. Ukigonga, hasa kwenye barabara ya matuta madogo kwa mwendo wa pole, sikiliza boljointi na vichwa vya tairodi, halafu ukague bolti zinazolifunga boksi kwenye chasisi, na chasisi yenyewe hapo ilipofungiwa, kwani kwa magari ya kubebea mizigo chuma hicho hupasuka. Na ukiwa hautaki kurudi, uliza ni nani aliyelikaza mara ya mwisho.

Dereva akimweleza fundi mambo hayo kwa vitenzi vyake, ameshampunguzia nusu ya kazi. Akisema tu umelegea, amempa ruhusa ya kukisia.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mitambo. Ule wa watu wawili nilioueleza ndio mama wa chunguzi zote, na ubora wake ni kwamba gari liko chini, likibeba uzito wake, kama lilivyo barabarani. Anayetazama aanzie juu. Mhimili ukizunguka na kiungo chake kisiitikie papo hapo, kasoro iko hapo. Kiungo kikiitikia lakini mkono wa chini ya boksi ukachelewa, basi sasa boksi limeshukiwa kwa haki. Boksi lote likitikisika, ni bolti zake. Mkono ukienda lakini ufito usiende nao, ni kichwa kilicho baina yao. Hivyo hivyo hadi kwenye gurudumu, kiungo baada ya kiungo. Ambapo mwendo unapotea ndipo penye ugonjwa. Baada ya hapo gari lipigwe jeki na kuegemezwa juu ya vigingi imara, kamwe si jeki peke yake, na magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe. Gurudumu lishikwe juu na chini, livutwe na kusukumwa: likicheza, ni beringi au boljointi, na msaidizi akikanyaga breki uchezaji ukaisha, ni beringi. Kisha lishikwe kushoto na kulia: likicheza, aghalabu ni tairodi.

Ni kiasi gani cha kucheza kinachovumilika? Vitabu vya ufundi vya Toyota vya pikapu hizo huweka kikomo cha milimita 30 zikipimwa kwenye ukingo wa usukani, yaani takriban upana wa vidole viwili. Usukani wenye kipenyo cha milimita 380 una mzingo wa karibu milimita 1,200, kwa hiyo kikomo hicho ni sehemu moja tu kati ya arubaini ya mzunguko. Nimeona pikapu sokoni zenye kucheza kwa upana wa kiganja kizima, na wenyewe wakijisifu kwamba wamelizoea gari lao. Hebu tufanye hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akipoteza nusu sekunde akizungusha usukani usioshika kitu, ameshatembea mita 11 akielekea kule alikokuwa akielekea, hata kama ni kwenye mbavu za basi. Mazoea hayafupishi mita hizo.

Peugeot 504 nitaipitia kwa haraka, maana haina boksi la namna hii. Yenyewe hutumia ufito wenye meno unaosukumwa na gia ndogo, na usukani wake ukiwa mzima hauchezi karibu hata kidogo. Kwa hiyo wenye gari hilo wasipime kwa vidole viwili. Wakianza kuhisi chochote, wakague vichwa vya tairodi, vishikizo vya ufito huo na kiungo cha mhimili.

Lipo jambo linalonikera kuliko hilo la skrubu. Ni ujanja wa kukifufua kilichokufa. Kichwa cha tairodi kilicholika hubamizwa kwa nyundo ili kikombe kibane, au hutiwa kipande cha bati ndani. Mkono uliopinda huchomwa moto ukanyoshwa, au uliopasuka ukachomelewa. Vyuma vya usukani vilipewa ugumu wake kwa joto lililopimwa kiwandani. Moto wa kuchomelea huuvuruga ugumu huo, na chuma kikikatika hakitoi ilani. Nati ya tairodi hufungwa kwa pini maalumu inayopita katika tundu la bolti na kukunjwa isiweze kurudi. Nimewahi kuona msumari mahali pa pini hiyo, na mahali pengine waya wa kufungia kuku. Nati hiyo ikitoka, gurudumu moja hutazama Nairobi na jingine hutazama Mombasa, na hapo dereva hana la kufanya. Sehemu hizi ni miongoni mwa zile chache katika gari ambazo hazina mbadala wake: breki ikikataa kuna gia, taa ikizimika waweza kusimama.

Wanaowalaumu mafundi peke yao kwa hayo hawatendi haki. Mara nyingi ni mwenye gari anayesema, "Fundi, nitengenezee tu nisukume mwezi huu." Na Serikali yenyewe ilipotoa Waraka wake Nambari 2 wa mwaka 1992 kuhusu biashara ndogo na jua kali, ilikiri kwamba sekta hii ni nguzo ya ajira. Hata hivyo, maarifa ya magari hayo yameandikwa katika vitabu vya Kijapani na Kiingereza, na fundi aliyejifunza kwa kumtazama fundi mwingine huyapokea yakiwa nusu. Hushika kwamba skrubu huzungushwa. Haambiwi kwamba huzungushwa magurudumu yakitazama mbele, kidogo kidogo, baada ya beringi za parafujo na kila kiungo cha nje kuthibitishwa kuwa kizima, na kwamba baada ya kila mzunguko usukani upelekwe upande huu hadi ule kusikiliza kama pana mahali unapokwama. Haambiwi atazame oili ndani ya boksi kabla ya jambo jingine lolote.

Wapo wenzangu vyuoni wanaodhani dawa ni kubuni msamiati. Wanataka tairodi ipewe jina la Kiswahili sanifu, boljointi vivyo hivyo. Sipingi, lakini sioni haraka. Ukisikiliza kwa makini usemi wa gereji utagundua kwamba nomino ndizo zilizokopwa, yaani tairodi, beringi, bushi, nati, spana, lakini vitenzi vimebaki vyetu: kukaza, kulegeza, kuchomoa, kupachika, kupiga grisi, kulika. Ndivyo lugha nyingi zinavyokopa, majina kwanza, na si aibu. Usukani wenyewe ni neno la Kiarabu lililofika nasi kwa majahazi, likahamia garini pasipo kamati yoyote kuketi. Mabaharia wa pwani walikuwa na kana, ule mpini wa usukani, na ujari, kamba ya kuuvutia; maneno hayo yangeweza kuhamia nayo, lakini yaliachwa ufukoni kwa kuwa waliofungua magari ya kwanza huku bara hawakuwa mabaharia. Ninayasikitikia kidogo, nakiri. Ila fundi wa Kariobangi hatapona kwa kupewa ujari. Anachohitaji ni maelezo kamili, kwa vitenzi anavyovijua tayari, ya nini cha kutazama na kwa utaratibu gani.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Magari ya kibiashara, pikapu zikiwamo, hupaswa kukaguliwa kila mwaka chini ya Halmashauri ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Gari likianguka ukaguzi kwa sababu ya usukani, mwenyewe apewe karatasi inayotaja kwa Kiswahili ni kiungo kipi kinachocheza, upande upi, na kama kimelegea au kimelika. Karatasi hiyo aipeleke kwa fundi. Nazo gereji, hata zile za chini ya mwembe, zizoee kumkabidhi mteja chuma cha zamani kilichotolewa, akishike mkononi, akitikise, akione. Mtu aliyekwisha kushika kichwa cha tairodi kilicholika na kukisikia kikigonga ndani ya kikombe chake hataomba tena akaziwe.

Kuna la mwisho la kiufundi ambalo husahauliwa hata na mafundi wazuri. Tairodi mpya ikiingia, urefu wake haulingani kamwe sawasawa na wa ile iliyotoka, hata kama fundi amehesabu mizunguko ya uzi wakati wa kufungua. Magurudumu ya mbele basi hayatazamani kama ilivyokuwa, na tairi mpya zaweza kulika upande mmoja katika miezi michache. Gari lipelekwe kupimwa mpangilio siku hiyo hiyo, likiwa tupu na tairi zina upepo sawa. Kisha lijaribiwe barabara isiyo na watu, kona za kushoto na za kulia, kuona kama usukani unarudi. Baada ya wiki moja ya kazi, lirudishwe kwa fundi akague nati zote alizozifungua, na kila pini iwe mahali pake.